Mafua Tisa ya Gachau

Siku ya soko pale Ruiru hutembei, unasukumwa tu. Mbinya alikuwa amesukumwa kutoka kwa wauza viazi hadi kwa wauza mitumba, na muda wote huo alikuwa amelikumbatia boksi lake la barafu kwa mikono miwili. Alivaa gauni la kitenge la njano lililomkaa sawasawa kiunoni, raba nyeupe, na kitambulisho cha kazi shingoni. Mbele yake fundi mmoja mrefu, ovaroli ya bluu iliyojaa matundu ya cheche, alikuwa na chuma cha geti begani. Fundi akageuka kuangalia viatu, chuma nacho kikageuka, kikagonga boksi ko!

"Wee! Huna macho?" Mbinya akafoka.

"Woi, pole mrembo. Haki sikukuona." Fundi akatua chuma chini haraka. "Imemwagika? Kama yogati imemwagika nitanunua yote, usijali."

"Si yogati."

"Ni maziwa lala?"

"Ni damu."

Fundi akarudi nyuma hatua mbili, akamkanyaga mama wa nyanya, akaomba msamaha, akarudi mbele hatua moja. "Damu ya nani?"

"Ya watu wa Mwihoko."

"Ai! Si mimi ni wa Mwihoko! Mlinitoa lini bila kuniambia?"

Hapo Mbinya akacheka, ingawa alikuwa ameapa moyoni kumkasirikia mtu huyu hadi jioni. Akamweleza kwamba wanafanya utafiti wa mafua. Kuna virusi vinne vya jamii ya corona vinavyozunguka kila mwaka...

"Corona imerudi?" fundi akapaza sauti.

Mama wa nyanya akavuta leso, akaziba mdomo na pua. Wateja wawili wakaanza kurudisha nyanya kwenye fungu.

"Shhh! Utanifukuzia watu sokoni!" Mbinya akamvuta kando. "Si ile. Hawa ni binamu zake, tumeishi nao tangu zamani. Ndio wanakupa mafua ya Julai unayosema ni baridi. Ukiugua, mwili wako unatengeneza kingamwili, askari wa kupigana na hicho kirusi. Sasa sisi tunauliza: hao askari wanabaki wangapi baada ya miezi mitatu? Baada ya sita? Na wakipungua, nani anaambukizwa tena?"

"Na hayo majibu hamna?"

"Ya kwingine yapo. Ya watu wa Mwihoko yako ndani ya hili boksi."

Alilisema neno hilo kidevu kikiwa juu, na mimi nakuambia, kilichommaliza fundi ni hicho kidevu. Wasichana warembo alishawaona. Msichana mwenye kusimama katikati ya viazi na mitumba akajivunia damu ya majirani zake, huyo alikuwa hajamwona.

"Mimi ni Gachau," akasema. "Nachomelea mageti hapo Mwihoko. Kuja utoe yangu."

"Nyumba zinachaguliwa kwa kura, Bwana Gachau. Omba Mungu."

Sijui aliomba vipi, lakini mwezi wa Machi kura iliangukia nyumba ya mama yake.

Mama yake, Rachael, alikuwa mjane mwenye kibanda cha mboga, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kukunja mkono wa sweta. Watu wa ploti walikuwa wamechungulia mlangoni wakinong'ona mambo ya damu kuuzwa. Rachael akawaangalia mmoja mmoja. "Nyinyi mnaulizwa tu maneno wakati wa uchaguzi," akawaambia. "Mimi damu yangu inaenda kusomwa Thika." Tangu siku hiyo alitembea Mwihoko kama mtu aliyemsomesha mwanawe hadi chuo kikuu.

Gachau naye akatolewa damu, akaangalia pembeni wakati wa sindano, akasema hakuhisi kitu. Mbinya akampa maagizo aliyowapa watu wote: damu itatolewa tena Juni na Septemba, na katikati, ukipata mafua, piga simu kwa namba hii, mhudumu atakuja siku hiyo hiyo kuchukua sampuli kwa kijiti cha pamba puani.

"Mhudumu ni nani?"

"Ni mimi."

"Na namba ni ya nani?"

"Ya kazi, Bwana Gachau."

"Lakini ni wewe unaishika."

"Ni mimi naishika," Mbinya akasema, akajifanya anatafuta kalamu.

Mara ya kwanza, Aprili, Gachau alikuwa mgonjwa kweli. Pua inatiririka, macho mekundu, sauti ya kwenye pipa. Mbinya akaja na boksi lake, akamketisha kwenye kiti nje ya karakana, akamshika kidevu ili kijiti kiingie vizuri. Gachau akatokwa machozi, akapiga chafya, wakacheka hadi msaidizi wa duka la jirani akatoka kuona kuna nini. Alipoondoka, Gachau alikaa pale kitini akijishika kidevu. Akapona baada ya siku nne. Akasikitika sana kupona.

Sasa sikiliza ujinga wa mwanaume aliyependa. Kwenye geti la ploti kulikuwa na Mzee Njau, mlinzi, ambaye hakosi ugoro mfukoni, ile tumbaku ya kunusa ya wazee. Gachau akamwomba kidogo. Akapiga simu.

"Halo, utafiti wa mafua."

"Ni Gachau. Niko chini."

"Tena? Si ulipona juzi?"

"Imerudi, daktari. Imerudi na hasira."

"Mimi si daktari. Nakuja."

Alipoliona gauni la njano likikunja kona, akavuta ugoro pua zote mbili. Weuh! Alipiga chafya kumi na moja mfululizo. Mbinya akamhurumia, akachukua sampuli, akaandika kwenye fomu: mafua, siku ya kwanza, chafya nyingi.

Hivyo ndivyo ilivyokwenda Mei, Juni, Julai, Agosti. Katikati ya ziara kulikuwa na simu, na simu zile hazikuwa na mafua ndani yake.

"Umekula?"

"Gachau, hii ni simu ya kazi."

"Basi niandikie: mshiriki ameuliza kama umekula."

"Nimekula githeri. Na wewe?"

"Mimi siwezi kula. Kuna mtu ananizuia."

"Nani huyo mbaya?"

"Mmoja hivi anayekaa Makongeni. Ana raba nyeupe."

Mbinya akacheka, kisha akaacha kucheka. Kazini kulikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: mtu wa utafiti hapendani na mshiriki wakati utafiti unaendelea. Alikuwa ameitia sahihi mwenyewe. Na Mbinya, binti ya Nzioki wa Matuu, akitia sahihi ametia sahihi. "Ngoja Desemba, utafiti ufungwe rasmi," akamwambia kwa sauti ya chini. "Desemba uniulize tena kama nimekula."

Gachau aliruka juu akagonga kichwa kwenye geti la mteja. Lakini Desemba ilikuwa mbali, na ugoro ulikuwa karibu.

Kufikia Septemba alikuwa ameugua mara tisa.

Mwanzoni mwa Oktoba, Dokta Idah, mkuu wa utafiti, alimwita Mbinya kwenye ofisi yao ya Thika. Kimanzi wa maabara alikuwa ameketi humo na koti lake jeupe, hataki kumwangalia usoni. Mezani palikuwa na karatasi mbili na kichupa.

"Mshiriki namba mia moja na nne," Dokta Idah akasema. "Mafua tisa kwa miezi sita. Hakuna mtu mwingine Mwihoko nzima aliyepita manne. Kimanzi, mwambie."

"Ya kwanza tulipata kirusi, lakini cha mafua mengine, si kimoja cha vile vyetu vinne," Kimanzi akasema. "Hizo nane zingine, hamna kitu. Na ndani ya vichupa kuna punje za kahawia. Kama vumbi."

"Sasa angalia damu." Dokta Idah akasukuma karatasi. "Machi, kingamwili zake za hivi virusi vyetu vinne ziko juu. Juni zimeshuka. Septemba zimeshuka tena, polepole, vizuri kabisa. Mwili wa mtu huyu haujakutana na hata kimoja tangu Machi. Damu inasema alikuwa mzima. Fomu zako zinasema alikuwa anakufa. Mbinya, hizi ziara ulienda, ama ulizitunga ukachovya vijiti kwenye vumbi?"

Mbinya alihisi masikio yakiwaka. Miaka miwili fomu zake hazijawahi kurudishwa, hata moja. Wenzake walikuwa wanakuja kwake kuuliza, hii nijaze vipi? "Nilienda," akasema. "Zote tisa."

"Nataka kukuamini. Lakini siwezi kuweka imani kwenye ripoti."

Mbinya akaomba dakika tano, akatoka uani, akapiga simu. Ilikuwa saa saba mchana, na karakana ya Mwihoko ilikuwa inanguruma nyuma ya sauti ya Gachau.

"Mrembo wangu! Leo ni wewe umepiga?"

"Gachau, nakuuliza kitu na unijibu ukweli. Hayo mafua yote, ulikuwa mgonjwa?"

Gachau akacheka, ole wake. "Kwani umejua? Haya, nimeshikwa. Ile ya kwanza ni ya ukweli. Zingine ni ugoro wa Mzee Njau. Nilikuwa nataka kukuona, bana! Ningefanya nini?"

Mbinya akaiondoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Halo? Mbinya? Si hiyo ni mapenzi?"

"Mapenzi?" Sauti yake ilitoka ndogo. "Leo nimeitwa mwongo, Gachau. Mbele ya wenzangu. Mimi sijawahi kuandika hata tarehe ya uongo kwa hii kazi, na wewe umeniandikisha uongo mara nane kwa mkono wangu mwenyewe. Hiyo kazi wewe uliona ni mchezo wa kuitia wasichana?"

"Hapana, beibi, sikiza..."

"Usinipigie tena."

Akarudi ndani, akaeleza yote, hata mambo ya raba nyeupe na Desemba. Hakuficha neno. Dokta Idah akavua miwani, akaiweka mezani.

"Nakusikia. Lakini hilo linabaki neno lako. Mshiriki mwenyewe aje aseme, na aje kwa hiari. Ukimwita wewe, watu watasema mmepanga. Hadi hapo, simu ya mafua ashike Wamboi. Na ile siku ya kuwasomea watu wa Mwihoko matokeo, jina lako naliondoa."

Hilo la mwisho ndilo lililomkata. Siku hiyo ya matokeo Mbinya alikuwa ameingoja tangu boksi la kwanza. Alitaka kusimama mbele ya wale wamama waliomkunjia mikono ya sweta, awaambie: haya, hii ndiyo damu yenu, na hiki ndicho ilichosema. Angeweza kumwambia Gachau njoo unitetee. Dokta Idah alikuwa amemkataza, na hata asingemkataza, binti ya Nzioki haombi.

Gachau naye alikuwa na kichwa chake. Mwihoko walisema geti la Gachau halitikisiki, na yeye alilipenda neno hilo kuliko chakula. Aende Thika, asimame mbele ya madaktari, aseme alinusa ugoro kama mzee ili ashikwe kidevu? Achekwe? Na si msichana mwenyewe amemkatia simu? Wiki mbili akachomelea vyuma kimya kimya, na akachomelea vibaya.

Kisha mama yake akapata mafua ya ukweli. Rachael akapiga namba, akajipaka mafuta, akavaa kitambaa kizuri cha kichwa kumngojea Mbinya wake. Akaja Wamboi.

"Mbinya yuko wapi?" Rachael akauliza.

"Amesimamishwa kazi ya nyanjani, mama. Wanasema kuna mafua aliyatunga." Wamboi akajiuma mdomo, alikuwa amesema kuliko alivyopaswa.

Rachael akangoja kijiti kitoke puani, akamsindikiza Wamboi hadi mlangoni, akarudi. Gachau alikuwa ameketi na kikombe cha chai, anaangalia ndani ya kikombe.

"Gachau. Ule ugoro ninaofua kwa mifuko ya ovaroli kila mwezi ni wa nani?"

Gachau akakizungusha kikombe mkononi.

"Ni wewe ulitunga?"

"Mathe, ilikuwa tu..."

"Ngai!" Rachael akaketi. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Gachau. "Mimi sikusoma. Nimeuza sukumawiki maisha yangu yote, na hakuna mtu amewahi kuniambia kuna kitu anataka kujua kutoka kwangu. Yule msichana alikuja akaniuliza, akaandika kila nilichosema. Damu yangu iko kwa kitabu kimoja na uongo wako. Wewe ungemletea mteja geti limechomelewa kwa gundi?"

"Siwezi."

"Basi yeye umemfanyia nini?"

Kesho yake asubuhi Gachau alikuwa Thika. Alivaa suruali ya kijivu iliyopigwa pasi, shati jeupe, na viatu alivyovaa mara ya mwisho kwenye harusi ya binamu. Akasimama mbele ya Dokta Idah na Kimanzi, akasema yote: Mzee Njau, pua zote mbili, chafya kumi na moja. Kimanzi akaanza kucheka, akajikaza, akashindwa, akatoka nje. Gachau akaumeza ule uchungu, akaendelea hadi mwisho.

"Mbinya alikuja kila mara nilipoita," akasema. "Jua, mvua, alikuja. Aliandika alichoona. Mwongo ni mimi."

"Utaandika hivyo na utie sahihi?"

"Hata kwa ukuta wa ofisi nitaandika."

Alitolewa kwenye utafiti, na fomu zake zote zikawekwa kando. Mbinya akarudishiwa simu, kazi na jina lake. Walikutana mlangoni, yeye akiingia, Gachau akitoka.

"Asante kwa kuja, Bwana Gachau," Mbinya akasema, akapita.

Bwana! Gachau alirudi Mwihoko na hilo neno moyoni. Hakupiga simu. Aliambiwa asipige, na safari hii aliamua kusikia anachoambiwa.

Jumamosi moja ya Novemba ukumbi wa kanisa pale Mwihoko ulijaa hadi madirishani. Rachael alikuwa mstari wa mbele. Gachau alisimama nyuma kabisa. Mbinya alipanda jukwaani na suti ya kitenge ya kijani na dhahabu, viatu vya kisigino, midomo imepakwa rangi ya zambarau iliyoiva. Akashika maiki, akasoma kama mtu anayesoma habari za watoto wake.

Aliwaonyesha ukutani mistari inayopanda na kushuka. "Hii ni damu yenu. Ukiugua, kingamwili zinapanda. Baada ya miezi sita, wengi wenu zimeshuka karibu nusu. Waliokuwa na nyingi waliambukizwa mara chache. Waliokuwa na chache ndio walioambukizwa zaidi, na Julai ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Kwa hivyo mama akikuambia, hii homa nilikuwa nayo mwaka jana na nimepata tena, msimcheke. Anasema ukweli, na ukweli huo mmeutoa nyinyi." Ukumbi ukapiga makofi. Wazee walikaa wima. Rachael alikuwa analia bila kujificha.

"Tulianza na watu mia mbili na kumi na wawili," Mbinya akamalizia. "Tumemaliza na mia mbili na kumi na mmoja."

Mwanaume mmoja akanyanyua mkono, Kiama, mwenye duka la simu. "Huyo mmoja alienda wapi?"

"Alitolewa kwenye utafiti."

"Kwa nini?"

"Hiyo ni siri ya mshiriki. Siruhusiwi kusema."

"Alikufa?"

"Hapana."

"Sasa mbona mnaficha?" Kiama akageukia watu. "Si nilisema? Corona iliua mtu hapa, na hawa wameambiwa wanyamaze!"

Ukumbi ukaanza kuvuma. Mama mmoja akasimama akamshika mtoto mkono. Wengine wakawa wanauliza ni wa ploti gani, amezikwa wapi. Dokta Idah akainuka, akaketi tena. Mbinya alisimama na maiki mkononi, na jibu alikuwa nalo mdomoni, sentensi moja tu ya kuwanyamazisha wote. Akaifunga midomo yake ya zambarau. Kazi ya mwaka mzima ilikuwa inaondoka kupitia ule mlango, na yeye hakusema.

"Ni mimi!"

Vichwa vikageuka. Gachau alikuwa amepanda juu ya benchi.

"Huyo mmoja ni mimi. Sijafa. Hamnioni?" Akanyanyua mikono yote miwili. "Nilidanganya nina mafua. Mara nane. Nilikuwa navuta ugoro wa Mzee Njau ndio nipige chafya, ndio huyu dada aje."

Kisha kicheko. Mwihoko ilicheka hadi benchi zikasogea. Mzee Njau alikuwa anapigwa mgongoni kama bwana harusi. Kiama mwenyewe aliketi akijishika mbavu. Gachau alisimama pale juu akichekwa na kila mtu ambaye amewahi kumtengenezea geti, na hakushuka.

"Chekeni," akasema. "Lakini msitoke. Huyu msichana alikuwa karibu kupoteza kazi kwa sababu yangu, na leo mmemwona, hakunitaja hata mliposema anaficha maiti. Siri yenu iko mahali salama kuliko benki. Damu yangu wameitoa kwa sababu ilikuwa na uongo. Hizo zingine zote ziko sawa. Mjivunie."

Yule mama akaketi, akampakata mtoto. Mbinya alikuwa hajasogea. Aliinua maiki polepole.

"Bwana Gachau. Wewe si mshiriki wetu tena?"

"Mlinitoa Oktoba."

"Basi hakuna sheria inayonizuia kukuuliza. Ulikuwa unataka kuniona?"

"Sana."

"Kwa nini hukusema tu?"

"Sikujua inasemwa vipi."

"Inasemwa hivyo ulivyosema sasa hivi." Akavuta pumzi. "Unataka kuniona tena?"

"Kila siku," Gachau akasema kutoka juu ya benchi. "Hadi tuzeeke. Mbinya, nioe... hapana, nikuoe!"

Wamama wakapiga vigelegele kabla hajajibiwa. Rachael alikuwa amesimama, mikono juu ya kichwa.

Mbinya aliwangojea wanyamaze, kidevu juu, machozi yakimchuruzika. "Nimekubali," akasema. "Lakini utaenda Matuu umwambie baba yangu ukiwa hivyo hivyo, bila kupunguza kitu. Hata ugoro utamwambia."

"Nitamwambia."

"Sawa. Sasa shuka kwa benchi, watu wa madirishani hawaoni." Akajifuta macho kwa kiganja, akageukia ukuta wenye ile mistari. "Bado sijawaonyesha ya watoto. Swali lingine?"